BARABARA YETU YAWEZA KUCHUKUA KIASI GANI?

Hotuba ya Kamati ya Usafirishaji, iliyosomwa Mchinga katika sherehe ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Tulipotakiwa kusema neno katika sherehe hii, tulidhani tutaulizwa habari za bei ya korosho, maana ndilo jambo ambalo kila mmoja wetu hulala nalo na kuamka nalo. Badala yake Bodi imetutaka tuseme habari za barabara. Wala si habari za ubaya wake, kwa kuwa hizo kila mtu azijua na hazihitaji hotuba. Tumetakiwa tueleze jinsi wataalamu wanavyokadiria idadi ya magari ambayo barabara ya mashamba yaweza kuyapitisha, na kwa nini makadirio hayo yatuhusu sisi wakulima. Wako walioguna waliposikia. Mzee wetu mmoja alitwambia, "Wanangu, barabara hii ya Lindi hata mbuzi hulala katikati yake, mna haja gani ya kupima uwezo wake?" Neno la mzee huyo tumelifanya mlango wa kuingilia, kwa sababu lina kweli ndani yake, na lina kosa vilevile.

Tuanze na ile kweli. Mwaka 1950 Wamarekani walitoa kitabu chao cha kwanza cha kukadiria uwezo wa barabara. Watu walikuwa wamesimama kando ya njia wakihesabu magari, wakipima mwendo wake na nafasi iliyoko baina ya gari na gari. Wakaandika kwamba barabara yenye njia mbili, moja ya kwendea na moja ya kurudia, ikiwa imenyoka, tena tambarare, ina upana wa kutosha, na hamna lori hata moja ndani yake, yaweza kupitisha motokaa 2,000 kwa saa moja, pande zote mbili pamoja. Toleo la mwaka 1965 liliishika hesabu hiyo hiyo. Toleo la 1985 likaipandisha mpaka 2,800, na la mwaka 2000 mpaka 3,200. Wapimaji wa baadaye walikuwa wameona kwa macho yao barabara zikipitisha zaidi ya yale waliyoandika wenzao wa kwanza.

Sasa na tuchukue mfano, na tuseme mapema kuwa ni mfano tu. Tuseme barabara fulani ya mashamba hupitisha magari 1,000 kwa siku, wastani wa mwaka mzima. Mhandisi hajengi kwa kutazama wastani huo, wala hajengi kwa kutazama saa moja ya sikukuu ambayo kila mtu amekwenda kwao. Huzipanga saa zote 8,760 za mwaka, kuanzia ile yenye magari mengi kushuka chini, akaishika saa ya 30. Katika barabara za mashamba za Marekani ilionekana kuwa saa hiyo ya 30 hupitisha kama asilimia 15 ya magari ya siku ya wastani. Basi katika mfano wetu saa hiyo ingepitisha magari 150, na barabara yaweza 3,200. Kwa hesabu hiyo mbuzi wa mzee wetu wana haki ya kulala.

Kosa limo katika lile neno "ikiwa". Ikiwa imenyoka. Ikiwa tambarare. Ikiwa pana. Ikiwa haina malori. Kila "ikiwa" moja inapokosekana, ile idadi kubwa hupunguzwa, na sisi wa pwani ya kusini twakosa karibu zote kwa pamoja.

Upana kwanza. Wamarekani walihesabu kila njia kuwa na upana wa futi 12, yaani mita 3.6 na kitu. Njia ya futi 9 waliikadiria kuchukua kama robo tatu tu ya ile, kwa sababu dereva anapopishana na mwenziwe hupunguza mwendo na kuisogelea kingo, na kingo ikiwa imeliwa na mvua huogopa. Kisha malori. Lori haliandikwi kuwa gari moja. Hugeuzwa kuwa motokaa kadhaa. Penye tambarare huhesabiwa kuwa sawa na motokaa mbili au tatu. Penye milima mikali, kitabu cha 1965 kililihesabu lori moja kuwa sawa na motokaa hata 12, kwa sababu hupanda kama kobe na kila aliye nyuma hulazimika kuwa kobe naye. Tangu kiwanda kikubwa cha saruji kilipoanza kazi Mtwara mwaka 2015, hakuna haja ya kuwaeleza watu wa Mchinga maana ya kusafiri nyuma ya lori lenye shehena.

Na hapa lipo jambo ambalo watu wengi hawalifikiri. Katika barabara ya njia mbili, atakaye kulipita gari lililo mbele hana njia yake mwenyewe ya kulipitia. Huazima njia ya yule anayekuja. Akikadiria vibaya, deni hilo hulipwa kwa roho za watu. Ndiyo sababu tangu mwaka 1965 wataalamu hao wameziweka barabara katika madaraja kwa herufi, kuanzia A mpaka F, na katika barabara za namna yetu wakafika mahali pa kuuliza hivi: msafiri hutumia sehemu gani ya safari yake akiwa amebanwa nyuma ya mwingine asiweze kumpita? Barabara yaweza kuwa na magari machache sana ikawa bado ya hatari, ikiwa magari hayo machache hayalingani mwendo: basi la abiria lina haraka, lori la makaa lapanda polepole, bodaboda ina magunia mawili na mtu juu yake, na kando yake mtoto arudi kutoka shule.

Mtoto huyo hayumo katika hesabu tulizozitaja. Hesabu ya motokaa haimjui atembeaye kwa miguu. Lakini hapa kwetu atembeaye kwa miguu ndiye msafiri mkubwa. Huko Makete, katika mradi wa usafiri vijijini ulioanza mwaka 1985 kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, watafiti waliingia majumbani wakauliza kila nyumba inasafirisha nini, wapi, na nani anabeba. Wakakuta kuwa safari nyingi za kaya hazifiki barabarani kabisa: ni maji, kuni, mashine ya kusaga, shamba. Tena sehemu kubwa ya mzigo huo imo vichwani mwa wanawake. Mama zetu waliomo humu hawakuhitaji mtafiti kuwaambia hayo, lakini ni vizuri kwamba yaliandikwa, kwa kuwa jambo lisiloandikwa haliingii katika bajeti.

Tena twawakumbusha kwamba kichwa cha binadamu kiliwahi kubeba shehena kubwa katika nchi hii yetu yenyewe. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya wale wanyama wakubwa wa kale kule Tendaguru, bara ya hapa. Hapakuwa na barabara ya gari. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilichukuliwa na wapagazi mpaka Lindi, mwendo wa siku nne, kisha zikapakiwa melini. Tukikadiria kila mzigo kuwa kilo 30, tani 200 ni karibu mizigo 7,000. Mhandisi wa leo angepewa njia ile aipime, angeandika: magari, sifuri. Lakini babu zetu waliipitisha shehena ambayo leo ingejaza malori makubwa saba. Mifupa ingali Berlin. Hayo si ya kamati yetu.

Sasa tufike penye shina la maneno yetu, nalo ni hili: uwezo wa barabara ni uwezo wa mahali pake palipo dhaifu kuliko pote.

Wazee walio hapa wanaikumbuka Rufiji kabla ya daraja. Mtu aliweza kutoka Dar es Salaam kwa mwendo mzuri, akafika Ndundu, akakaa. Kama pantoni yachukua malori sita, na kwenda na kurudi pamoja na kupakia ni saa nzima, basi barabara yote ya kusini, hata ingekuwa na upana wa uwanja wa mpira, inapitisha malori sita kwa saa kwenda kila upande, hazidi hata moja. Maji yakijaa au mtambo ukiharibika, inapitisha sifuri. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003, na siku hiyo uwezo wa barabara nzima ulibadilika ijapokuwa vipande vingi havikuguswa. Lakini udhaifu haufi, huhama. Ulihamia katika zile kilomita 60 za Ndundu mpaka Somanga, ambazo zilikuwa za mwisho kutiwa lami, katika miaka ya 2010. Wengi wetu tulilala pale ndani ya mabasi wakati wa masika. Lami ilipokwisha, tukadhani sasa tumepona. Mwezi wa Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, mvua ikaikata barabara mahali kadhaa katika Wilaya ya Kilwa, Somanga ikiwamo, na magari yakapanga foleni siku kwa siku. Lami ilikuwako. Kilichokosekana ni njia ya maji chini ya lami. Basi yeyote atakayewauliza uwezo wa barabara ya Kilwa, msimpeleke penye lami nzuri akapime upana. Mpelekeni penye makalvati.

Na udhaifu ulio mbaya kuliko huo hauko katika barabara kuu. Uko kati ya ghala la chama cha msingi na barabara kuu, katika zile kilomita chache za udongo ambazo korosho yetu na ufuta wetu huanzia safari. Huko hakuna njia mbili. Kuna njia moja, na majani katikati yake. Tufanye hesabu yake, maana ni nyepesi na haimo katika kitabu cha Wamarekani.

Chukueni kipande cha kilomita tatu kisicho na mahali pa kupishania. Lori likienda kilomita 20 kwa saa, hukimaliza kwa dakika tisa. Wakati huo lori la upande wa pili linangoja. Kisha nalo hupita kwa dakika tisa. Kwa hiyo kila dakika 18 hupita lori moja la kwenda na moja la kurudi; kwa saa nzima, malori sita au saba, kwenda na kurudi pamoja. Sasa wekeni mahali pamoja tu pa kupishania, katikati kabisa. Malori mawili huanza pamoja, kila moja kutoka upande wake, hukutana katikati baada ya dakika nne na nusu, hupishana, huendelea. Kila dakika tisa limepita moja la kwenda na moja la kurudi. Kwa saa, malori 13. Uwezo umeongezeka maradufu, na kazi yenyewe ni kupanua njia kwa urefu wa lori moja na nusu, kushindilia changarawe, na kuchimba mfereji wa maji. Kazi hiyo ni ya majembe na siku chache.

Lakini tazameni upande mwingine wa hesabu hiyo. Mvua ikinyesha, lori laenda kilomita tano kwa saa. Zile dakika tisa huwa 36, na kwenda na kurudi huwa saa moja na dakika 12. Hata lori moja kila upande kwa saa halipatikani. Na likizama moja, barabara imefungwa na mnada unapita. Kila mwanachama ajua maana yake chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani: mzigo usiofika ghala kuu hauuzwi katika mnada wa wiki hiyo, na usiouzwa haulipwi. Mvua zetu huanza Novemba au Disemba, na minada imo katika miezi hiyo hiyo. Korosho iliyolala njiani ikanywa maji hushuka daraja, na tofauti ya bei haimpati mwenye lori, yampata mkulima. Kwa maana hiyo mfereji mmoja wa maji katika njia ya ghalani waweza kuwa ni ada ya shule.

Sisi nasi tuna makosa yetu, na hatuna budi kuyasema katika siku ya furaha. Wako miongoni mwetu wanaomshawishi dereva aongeze magunia ili safari ziwe chache. Sheria ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 10 kwa ekseli moja yenye magurudumu manne. Katika majaribio makubwa yaliyofanyika Marekani, jimbo la Illinois, kuanzia mwaka 1958 mpaka 1960, ilionekana kuwa maumivu ya barabara hayaongezeki sawasawa na uzito. Huongezeka kama uzito uliozidishwa kwa nafsi yake mara nne. Ekseli ya tani 12 haiiumizi barabara moja ya tano zaidi ya ile ya tani 10, bali yaiumiza mara mbili. Na barabara yenye mashimo hupitisha magari machache kuliko ilivyokadiriwa, kwa hiyo gunia lile la ziada tunalilipia wenyewe msimu unaofuata.

Limebaki jambo la kukadiria yajayo, na katika hili jimbo letu la kusini lina somo ambalo dunia nzima imelisoma. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango wa karanga. Walikadiria mazao makubwa sana kutoka Nachingwea, na kwa makadirio hayo wakajenga reli na bandari ya Mtwara kwa ajili ya karanga ambazo zilikuwa hazijaota. Mwaka 1951 mpango ukafa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa. Bandari ilibaki, nasi twaitumia; lakini reli haikuwa na cha kubeba. Hilo ni kosa la kuhesabu magari yasiyokuwako.

Kosa linalotupata sisi ni la kinyume, nalo halisimuliwi katika vitabu. Ni kosa la kuhesabu njia iliyokufa na kusema haina wasafiri. Mwaka mmoja walikuja wahesabuji katika mojawapo ya njia zetu za ghalani. Walikuja mwezi wa nne, katikati ya masika, korosho imekwisha kwenda na ufuta haujavunwa. Walikaa chini ya mwembe na karatasi zao, watu wenye adabu, wakaandika walichokiona, na walichokiona kilikuwa karibu na sifuri. Karatasi hazikusema uongo. Lakini kisima kilichofukiwa nacho hakina wateka maji, na hakuna mtu mwenye akili aliyesema kwamba kijiji hicho hakina kiu. Barabara za wilaya zinasimamiwa na TARURA tangu mwaka 2017, na zile kuu na za mkoa na TANROADS tangu mwaka 2000. Fedha hazitoshi kila mahali, na wagawaji hutazama mambo mengi, hesabu ya magari ikiwa mojawapo. Tukiwaachia hesabu ya mwezi wa nne, tusiwalaumu kwa jibu lake.

Kwa hiyo kamati yetu yaleta pendekezo, na Mwenyekiti ametupa ruhusa ya kulisema hapa kabla halijafika katika mkutano. Kila chama cha msingi kiwe na daftari la njia. Hesabu ifanywe mara tatu kwa mwaka: wakati wa ufuta, wakati wa korosho, na wakati wa masika. Kila mara siku saba mfululizo, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, na katika siku mbili kati ya hizo watu wapokezane mpaka alfajiri, kwa sababu malori mengi hupita usiku. Siku ya mnada isikosekane. Viandikwe vyote: lori kubwa, lori dogo, basi, motokaa, trekta, bajaji, bodaboda, guta, baiskeli, na waendao kwa miguu, wenye mzigo na wasio na mzigo.

Na pembeni kabisa mwa ukurasa tumepiga mstari wa safu ambayo hatukuiona katika fomu yoyote. Tumeiita "Visivyopita". Humo karani ataandika magunia yaliyobaki ghalani kwa sababu lori lilikataa kuingia. Mjamzito aliyebebwa kwa kitanda mpaka barabara kuu. Mwalimu aliyeshindwa kufika. Siku ambazo njia ilikuwa imefungwa na ni kwa sababu gani. Wenzetu wengine katika kamati walisema wahandisi wataicheka safu hiyo. Tulibishana nao jioni nzima. Sisi tulio wengi twaona kuwa mhandisi aliye mzuri ataanza kusoma hapo. Kati ya mwaka 1971 na 1974 watafiti wa Uingereza pamoja na Benki ya Dunia walikaa Kenya wakipima gharama ya gari katika barabara za lami na za udongo, kwa kuwa hesabu za Ulaya hazikuwafaa; na kanuni zilizotoka katika kazi hiyo zilitumiwa baadaye katika nchi nyingi. Hawakuona aibu kujifunza kutoka vumbi la Afrika ya Mashariki. Vumbi la Mchinga nalo lina la kusema, ila lipate mwandishi.

Twajua swali litakaloulizwa: nani atamlipa mhesabuji? Jibu letu ni kwamba hatulipi. Tumewauliza vijana waliomaliza shule na wanaokaa penye njia panda wakingoja abiria wa bodaboda. Mchana kutwa wanaitazama barabara bila kuiandika. Chama kitatoa chakula na taa kwa zamu za usiku. Mkutano ukiona inafaa kuwapa zaidi, kamati haitapinga.

Daftari ziko mezani kwa karani, karibu na mlango wa ghala. Kila chama kichukue mbili, moja ya kuandikia na moja ya nakala, pamoja na penseli; kalamu za wino tumezikataa kwa sababu ya mvua. Walio wa upande wa Rutamba na Milola wachukue leo, kwa kuwa njia yao ndiyo ndefu kuliko zote na gari la kuwarudisha litaondoka saa kumi.